Nani Ataionja Togwa ya Spés?

Aliitema.

Ndiyo, wasomaji wangu mlioshinda juma zima mkibishana kama Spés angeimeza au asingeimeza, jibu ndilo hilo. Aliitema pale pale kwenye sakafu ya ghala la Westerville, kaskazini ya Columbus, akatema tena, akajifuta ulimi kwa ncha ya kitenge. Kisha akaigeuza chupa na kuitazama karatasi iliyobandikwa. Uso uliochapwa pale ulikuwa wake mwenyewe, na ulikuwa unatabasamu.

"Zéphyrin, hii ni nini?"

"Bon, Mama Spés, ni togwa." Zéphyrin, dereva wa kampuni, mtu wa Bukavu, alikuwa amerudi nyuma kidogo ili viatu vyake visirukiwe. "Ni togwa yako. Picha yako njo hii."

"Togwa yangu ina mtama. Hii ina nini?"

Zéphyrin alikuna shingo. "Mi niko chauffeur, Mama. Minabeba tu. Reginaldi njo aliniambiaka asema ulikubali."

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakusimulia upesi, kisha tusonge. Spés ni Mrundi aliyekulia kambini Kanembwa, Tanzania, akaletwa Louisville na ndege ya wakimbizi. Huko Highview, katika jiko la kupanga nyuma ya saluni ya kucha, alianza kutengeneza togwa, kinywaji chetu cha uji na kimea. Alikosa jua la kuoteshea kimea, basi akautia mtama wa wakulima wa Kentucky ndani ya foronya zenye maji na kuziweka karibu na mashine za kukaushia nguo. Mtama ukaota. Watu wazima walikunywa chupa ya kwanza wakalia machozi kanisani. Huo ulikuwa ubunifu, ila hakuna aliyeuita hivyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa na kazi ya kufanya.

Oda zikatoka Columbus, zikatoka Buffalo. Spés akamkabidhi shemeji yake Reginaldi, mdogo wa marehemu mumewe, upande wa Columbus. Reginaldi akaenda kwenye semina ya hotelini, ya kufundisha kampuni ndogo mikakati ya ubunifu. Alirudi na cheti, koti la buluu na neno moja. Tangu siku hiyo neno hilo lilimtoka mdomoni asubuhi na jioni, mpaka ukatamani kumpa leso ajifute.

Na sasa huyo hapo, anaingia ghalani amefungua mikono.

"Shemeji! Umeshaionja! Hebu sema kitu!"

"Kimea kiko wapi?"

"Kimea ni mchakato, shemeji. Mchakato unakula muda. Wenzetu wanasema kampuni ndogo isiyobuni inakufa, na mimi sitaki tufe."

"Nimeuliza kimea kiko wapi."

"Hakipo," alisema Reginaldi, na alilisema kwa fahari. "Nimekiondoa. Huo ndio ubunifu wenyewe."

Alimshika mkono akampeleka nyuma ya marundo ya katoni. Palikuwa na mapipa mawili ya plastiki, ya buluu, yamefunikwa kwa mapazia ya bafuni. Kando yake kulikuwa na magunia ya wanga, sukari, unga wa rangi ya kahawia, na chupa ya kitu kilichoandikwa kwamba kina harufu ya nafaka. Reginaldi alifunua pipa la kwanza. Juu ya maji mazito palikuwa na utando, na alipouchoma kwa kipande cha ubao ulijikunja polepole ukazama.

Mimi ninayewasimulia nina tumbo gumu, lakini hapo nililazimika kuweka kalamu chini.

"Nimeliacha wazi juma zima," alisema Reginaldi. "Hata nzi hajatua!"

"Nzi hajatua," alirudia Spés.

"Hata mmoja! Usafi huo utaupata wapi?"

Spés alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kilichomchefua zaidi ya ule utando ni furaha iliyokuwa usoni mwa shemeji yake.

"Umewauzia watu wetu hii? Kwa sura yangu?"

"Shemeji, ngoja." Sasa Reginaldi alishusha sauti, na tumpe haki yake, alikuwa na neno. "Mwaka jana togwa yako ilipasuka dukani kwa Mama Nzigire, kule Buffalo. Chupa baada ya chupa. Ikaloanisha nguo za Pasaka za watu. Nani alinipigia simu analia? Nani alisema, 'Reginaldi, fanya unavyojua, mradi zisipasuke tena'?"

Spés aliikumbuka simu ile. Alikuwa yeye.

"Basi nimefanya ninavyojua. Hizi hazipasuki. Ziweke juani mwaka mzima, hazipasuki. Na nimeongeza thamani." Aliokota chupa mbili. "Kizibo cheupe ni cha watu wote. Kizibo cha kijani ni toleo la heshima, la meza kuu."

"Tofauti yake nini?"

"Kizibo."

"Na pipa," alisema Zéphyrin kwa nyuma. "Nyeupe inatoka mu pipa ya kwanza. Vert inatoka mu ile ya pili."

Reginaldi alimkata jicho. Spés aliona lile jicho akaliweka moyoni.

Alimimina kidogo kutoka kwenye chupa ya kijani ndani ya kikombe cha plastiki, akamnyoshea shemeji yake kwa mikono miwili.

"Onja."

Hapa asiye Mrundi anaweza asielewe ni kofi gani lililopigwa. Kwetu anayekupa kinywaji hunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako, ili ujue hajakutilia kitu. Tunaita kusogongera. Kambini, hata uji wa msaada, mama alichovya mdomo kabla ya kumpa mgeni. Reginaldi alikuwa amempa chupa Zéphyrin, amewapa wenye maduka, ameipeleka Buffalo kwa makatoni, na Spés alikuwa anamwomba kwa heshima kabisa afanye kile ambacho hata mtoto anakijua.

Reginaldi alikitazama kile kikombe. Akatabasamu.

"Ningeonja, shemeji. Ila nimefunga."

"Umefunga?"

"Niko kwenye maombi. Ya kuombea kampuni."

Spés alikimimina kile kikombe sakafuni, juu ya mate yake mwenyewe.

"Zéphyrin, mizigo yote iko hapa?"

"Non, Mama. Ya Buffalo ilienda jana. Ni ya mariage."

Spés aliichomoa simu. Harusi ya Jolie! Jolie ni binti wa Mama Nzigire, na Mama Nzigire ndiye aliyeshika Buffalo nzima mkononi. Duka lake la Kenmore ndilo lililolisha kila kipaimara, kila kilio na kila harusi ya Warundi na Wakongo upande ule. Siku hiyo hiyo, mchana, watu wangeinua chupa zenye sura ya Spés midomoni mwao kwa kuwa walimwamini. Wangemwamini mara ya mwisho, na Spés hakuwa na kitu kingine cha kuuza zaidi ya kule kuaminiwa.

Alipiga simu ya Nzigire. Iliita ikakatika. Alipiga ya Jolie. Nani hupokea simu siku ya harusi yake?

"Washa gari," alimwambia Zéphyrin.

"Na mimi nakuja," alisema Reginaldi. "Siwezi kukuacha uiue kampuni peke yako."

Wakabanana watatu mbele, Spés katikati. Kutoka Columbus kwenda Buffalo ni barabara ndefu, na Reginaldi aliijaza maneno mpaka karibu na Cleveland. Alisema mteja hajui anachotaka mpaka aoneshwe. Alisema wanaoshikilia ya jana huzikwa nayo. Alitaja soko na thamani, na kila alipotaja alifungua viganja kama padri anayebariki.

"Mimi pia nilikuwa na wazo," alisema Spés mwishowe, macho barabarani. "Nilikwambia mwezi wa pili."

"Lipi?"

"Tuuze kimea kikavu na unga ndani ya mfuko. Mtu apike nyumbani, aache kilale, asubuhi anywe togwa yake mbichi. Hakuna chupa, hakuna cha kupasuka."

Reginaldi alicheka. "Shemeji, hilo si wazo. Ni mfuko."

"Ulicheka hivyo hivyo siku ile."

"Kwa sababu unarudisha watu jikoni! Watu wanatoka zamu ya ghala miguu imevimba, unawaambia wakakoroge uji? Huo sio ubunifu, hiyo ni adhabu."

"Mi ningenunua," alisema Zéphyrin. "Donc, bibi yangu angekoroga kabla ya kulala. Njo vile tulizoea."

"Wewe endesha."

Walisimama Erie kutia mafuta. Spés alienda msalani akaosha mdomo mara nyingine, maana ile ladha ilikuwa imekataa kumtoka; ilikaa kwenye fizi, tamu, yenye utelezi, na nyuma yake kitu kama harufu ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Aliporudi alimkuta Reginaldi ametangulia kuketi, anajifuta vidole. Zéphyrin alikuwa anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Hapana, Mama. Mambo ya maombi tu."

Walifika Kenmore mchana umekolea. Kabla Spés hajashuka alisikia ngoma, na kabla hajaufikia mlango wa ukumbi aliwaona watoto.

Walikuwa uani wanakimbizana na nguo zao za sikukuu, na kila mmoja alikuwa na chupa. Midomo yao ilikuwa na mzingo wa kahawia. Sura ya Spés ilikuwa inapigwapigwa kwenye mapaja, inaviringishwa kwenye nyasi. Kitoto kimoja cha kike kilikuwa kimeing'ata shingo ya chupa na kuiacha ining'inie ili mikono ibaki huru kupanda ngazi.

"Umechelewa," alisema Reginaldi taratibu. Sikupenda jinsi alivyolisema. Alilisema kwa nafuu.

Mama Nzigire aliwapokea mlangoni, kitenge chake cha dhahabu kinameremeta, mikono imefunguka. Spés alijiandaa kutukanwa. Badala yake alikumbatiwa mpaka kilemba kikamlegea.

"Mama Spés! Karibu sana! Ulifanya vizuri, ulifanya vizuri kabisa!"

"Mama Nzigire, nisikilize. Hizi chupa..."

"Hazikupasuka! Hata moja! Niliziweka mu garage tangu jana, kimya. Ile ya mwaka jana ilikuwa inaniamsha na mulio sawa bunduki." Alimvuta sikioni. "Na batoto banaipenda, we! Ile ya zamani balikuwa banasema inanuka. Hii banaomba ingine na ingine."

Spés alijitoa mikononi mwake. "Hii si togwa yangu."

"Si yako namna gani? Sura ni ya nani?"

"Haina mtama ndani. Haina kimea. Sijui ina nini."

Nzigire alirudi nyuma akamtazama, na tabasamu likapungua kidogo tu, kwa sababu siku ya kumwoza binti yake hakutaka kusikia jambo la kulipunguza zaidi.

"Mama Spés, mi niko mufanyabiashara sawa we. Batu banakunywa, chupa haipasuki. Lundi nitapiga komande ya maduka yote. Usiniletee mambo ya kimea leo. Ingia, ukule."

Akaenda zake kusalimia wengine. Reginaldi alikuwa amesikia kila neno. Koti lake la buluu lilikuwa limejaa kifua.

"Umeona, shemeji? Oda ya maduka yote Jumatatu! Soko limesema."

Niseme wazi, maana gazeti hili linanilipa niseme. Wapo wabaya wanaokuja na panga, hao unawaona. Huyu alikuja na cheti. Alichukua kitu kilichowarudisha watu kwao kwa muda wa chupa moja, akakitoa kila kilichokifanya kuwa hivyo, akabakiza picha, na alitaka ashukuriwe. Spés alimtazama mashavuni, akaona jinsi alivyonenepa tangu ile semina, akaona aibu kwamba mtu huyu humwita shemeji.

"Kwa nini hukuonja?" alimwuliza.

"Nimekwambia, nimefunga."

"Kwa nini hujawahi kuonja?"

Reginaldi alifungua mdomo. Kabla hajasema, kipaza sauti kilikohoa.

"Wapendwa," alisema mshereheshaji, "tuna ombi kutoka upande wa bwana harusi. Shangazi yetu Margareta ana neno."

Kila kichwa kiligeuka. Bibi Margareta, shangazi mkubwa wa bwana harusi Azarias, alikuwa ameketi kwenye meza kuu, amenyooka, hajagusa kitu. Mbele yake palikuwa na chupa na kikombe kilichojaa. Kipaza sauti kilipelekwa mdomoni mwake naye akakisukuma kando. Sauti yake haikukihitaji.

"Nimepewa kinywaji," alisema. "Kizuri, naona watoto wanakifurahia. Lakini nimekaa hapa tangu mlipoingia, na hakuna aliyenionjea. Mimi nimezaliwa Burundi, nimezeekea Tanzania, na sijawahi kunywa cha mtu asiyekionja. Nimeambiwa mwenyewe mwenye sura hii amefika. Aje atuonjee, tunywe, tumwoze kijana wetu kwa amani."

Ukumbi ulipiga makofi. Warundi walipiga makofi kwa sababu ni desturi, Wakongo walipiga makofi kwa sababu bibi kizee alipendeza. Vigelegele vikapigwa. "Mama Spés! Mama Spés!"

Mikono ilimsukuma mpaka mbele. Akajikuta anasimama kwenye meza kuu, Jolie mbele yake ndani ya shela jeupe, Azarias kando yake, na kikombe cha Bibi Margareta kiganjani mwake.

Reginaldi alikuwa amemfuata. Alimnong'oneza bila kusogeza midomo. "Kidogo tu. Gusisha mdomo. Jumatatu Buffalo yote ni yetu. Ukikataa mbele ya watu hawa, hutauza tena hata maji."

Alisema kweli. Akinywa, ameapa kwa mdomo wake kwamba ile ni togwa. Akikataa, ametangaza kwamba aliwaletea watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakipitishi kooni. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye mlango wa lile jiko la Highview, umefungwa.

Spés aliinua kikombe mpaka kidevuni. Harufu ikampanda puani.

Akageuka, akakishusha, akamnyoshea Reginaldi kwa mikono miwili, kama alivyofanya ghalani.

"Shangazi," alisema, "huonja aliyekipika. Mimi sikukipika hiki. Amekipika shemeji yangu huyu. Tumpe heshima yake."

Makofi tena! Watu walidhani ni unyenyekevu. Mshereheshaji alimkabidhi Reginaldi kipaza sauti, kwa ukarimu.

"Asanteni," alisema Reginaldi, na sauti yake ikajaa ukumbi wote. "Asanteni sana. Ningeonja. Ila leo... nimefunga."

Mtu mmoja alicheka. Kufunga harusini!

"Ulikula kuku pa Erie!" Ilikuwa sauti ya Zéphyrin kutoka mlangoni. "Nyuma ya gari! Minasema ukweli mbele ya Mungu, alikula kuku na mifupa akatupa mu nyasi!"

Kicheko kililipuka meza hadi meza. Kikazunguka, kikafika kwa Bibi Margareta, kikafia hapo. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Reginaldi, na polepole alinyosha mkono akaisukuma mbali chupa iliyokuwa mbele yake.

Mama wa meza ya pili alisukuma yake. Halafu wa tatu. Ukumbi uliokuwa na kelele ukabaki na mlio wa chupa zinazosogezwa juu ya meza.

"Reginaldi," alisema Nzigire, na sasa hakuwa mfanyabiashara. "Batoto bangu balishakunywa. Tangu asubuhi. Kwa nini weye unakataa?"

Reginaldi alijifuta uso kwa mkono wa koti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Spés alitazama dirishani. Watoto walikuwa bado wanakimbia uani. Kile kitoto cha ngazini kilikuwa kimeketi sasa, kinanyonya chupa tupu.

Wasomaji wangu, msinipigie kelele kwa ninachoandika hapa. Mimi pia ningemzuia kama ningekuwepo. Spés aliinua kikombe akanywa. Hakugusisha mdomo. Alikunywa chote, mafundo makubwa, machozi yanamtoka kwa kichefuchefu, mpaka mabaki mazito yakamteremka pembeni mwa kidevu. Kisha akakipindua kikombe juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Sikionji ili mnywe," alisema. "Nakionja kwa kuwa watoto wamekinywa kwa kuniona mimi. Kilicho tumboni mwao kiwe na tumboni mwangu. Sasa mtu mwingine asiguse. Waleteni watoto ndani."

Kina mama walikuwa wameshaanza kukimbia.

"Na wewe," alimwambia shemeji yake, "sema. Lile pipa la pili. Zéphyrin alipolitaja ulimkata jicho. Lilikuwa la nini?"

Reginaldi alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Hakukumbuka kukishusha, kwa hiyo kila mtu alisikia alivyokuwa anapumua.

"La kwanza lilikuwa la sharubati," alisema. "Naapa. Lilikuwa na picha ya machungwa."

"Na la pili?"

"La pili nililitoa kazini."

Kazi ya Reginaldi, kabla ya koti la buluu, ilikuwa kiwanda cha vyuma. Zamu baada ya zamu alichovya vipande vya injini kwenye dawa ya kuvua grisi. Nusu ya wanaume waliokuwa ukumbini walifanya kazi za aina hiyo, na nusu hiyo ilisimama kwa pamoja.

"Niliosha!" alipiga kelele Reginaldi. "Niliosha kwa majivu, shemeji! Majivu ya mkaa, nikasugua mpaka mikono ikachubuka! Kama tulivyoosha madebe ya mafuta kule Kanembwa! Si wewe uliyenifundisha? Nilikuwa mdogo, ukaniambia debe likioshwa kwa majivu halina kinyongo!"

Na hilo ndilo lililowaumiza wote, kwa sababu walimwelewa. Hakuna aliyekulia kambini ambaye hajasugua debe kwa majivu akachotea maji ya kunywa. Ila madebe yale yalikuja na mafuta ya kula. Hakuna aliyewahi kuletewa debe la sumu na watu wa msaada, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kujifunza kwamba majivu yana mwisho wake.

"Ulijua," alisema Spés. "Usingejua, ungeonja."

"Lilikuwa bado linanuka kidogo," alisema Reginaldi, kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kuhurumiwa. "Nikasema ile harufu ya nafaka itaifunika."

Ni Nzigire aliyempiga, kofi moja, pete zote.

Kisha Nzigire alikimbilia watoto. Alizinyakua chupa moja moja mikononi mwao, akavitafuta vizibo kwenye nyasi, mifukoni, midomoni. "Nyeupe!" alilia. "Hii nyeupe! Na hii nyeupe! Asante Yesu, zote nyeupe!" Ukumbi ulipumua. Kina mama walipiga magoti na watoto wao vifuani. Mtu fulani alikuwa kwenye simu na gari la wagonjwa, anataja jina la mtaa kwa kulirudiarudia.

Zéphyrin peke yake hakupumua. Alikuwa anaitazama meza kuu.

"Mama Spés," alisema. "Alisema vert ni ya meza kuu."

Spés aliinamisha macho. Kando ya kikombe alichokipindua, kizibo kilichokuwa juu ya kitambaa cheupe kilikuwa cha kijani. Kando ya sahani ya Azarias kulikuwa na kingine, chupa yake bado imejaa. Mbele ya bibi harusi kulikuwa na vitatu, na chupa zake tupu.

Jolie alikuwa ameketi wima ndani ya shela lake, mkono umeshika shavu, anashangaa.

"Mama," alisema, "ulimi yangu siisikie."

Spés alitaka kumwambia ajitapishe, upesi, sasa hivi. Alifungua mdomo, na ulimi wake mwenyewe haukumtii.